Mfuko wa karatasi ulivyotukulia pesa: historia ambayo tungesoma mapema

Kwenye ukurasa huu tunazoea kuandika juu ya kazi, siasa na vita. Leo mniruhusu niandike juu ya kitu kidogo kabisa: mfuko wa karatasi. Msicheke. Mfuko huo ulitukulia pesa, siye watu watano wa promosyo moja, na njo ulinifanya nisome historia ambayo hakuna prof aliyetufundisha.

Nianze na yaliyotupata. Tulipomaliza lisansi ya agronomia hapa Bukavu, tulizunguka na madosye mwaka mzima, biro hii, biro ile. Mwisho tukasema: basi, tujiajiri. Kila mtu alitoa dola 60. Dada mmoja kati yetu alitoa nauli aliyokuwa ametunza kwa kwenda kutafuta kazi Goma. Tukaanza kutengeneza masoso, ule unga wa uji wa mahindi, soja na sorgo ambao kila mama wa Kivu anaujua.

Ikabaki swali la kufungia. Mimi njo nilisimama mbele ya wenzangu nikasema: sashe hapana. Siye ni watu wa udongo, hatuwezi kuongeza plastiki katika mji huu. Wote tumeona takataka zinavyoelea ziwani na kwenda kujibana kwenye bwawa la Ruzizi, mpaka umeme unakatika juu ya chupa na sashe tulizotupa wenyewe. Kwa hiyo tukaagiza mifuko 2.000 ya karatasi ya kahawia kwa mchuuzi mmoja anayeleta vitu toka ng'ambo ya mpaka. Ilikuja na jani la kijani limechapwa mbele. Ilikula karibu nusu ya mtaji. Nilijisikia vizuri sana siku ile.

Halafu mwezi wa kumi na moja ukafika, na mvua ya Bukavu mnaijua. Mama mmoja tuliyemwachia mzigo ku soko ya Kadutu akaniita: "Mwanangu, karatasi yenu iko muzuri kwa macho, lakini inakunywa maji. Unga inashikana." Nilipofika nikakuta ameshatafuta dawa yake: kila mfuko wetu wenye jani la kijani ameuingiza ndani ya sashe nyeusi. Mifuko mingine ilikuwa tayari inanuka ukungu. Mahindi yenye ukungu si jambo la kubahatisha, yanaweza kuwa na aflatoksini, sumu inayoharibu maini, na masoso inaliwa na watoto wadogo. Tulimwaga kilo 80. Hata kuku hatukuwapa.

Yule dada wa nauli hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Nani alikwambia karatasi ni safi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeamini tu. Njo nikaanza kutafuta: mfuko wa karatasi umetoka wapi, na umeacha nini nyuma yake?

Kabla ya karatasi

Babu zetu hawakuwa na karatasi, lakini walifungasha. Jani la mgomba lilipashwa kidogo kwenye moto ili lilainike lisipasuke, kisha likafunga chakula. Upande wa magharibi wa nchi yetu kwanga inafungwa kwenye majani mpaka leo. Nafaka ilikaa kwenye kitunga na kwenye ghala, maji na pombe kwenye kibuyu na mtungi. Hata siye wa pepinyeri tunajua kwamba maganda ya mgomba yanaweza kufanya kazi ya ile mifuko myeusi ya plastiki: unakunja ganda, unatia udongo, unapanda mche, na siku ya kuupeleka shambani unauzika pamoja na ganda lake.

Sisemi kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Jani halikai wiki mbili. Halitunzi unga, na huwezi kuliweka kwenye kamiyo ya kwenda Kalemie. Ila lilikuwa na sifa moja: lilitoka shamba la karibu na likarudi kwenye shamba lilelile. Ukiliangusha njiani, hakuna anayehitaji kuliokota.

Mashine na nguvu

Mfuko wa karatasi kama tunavyoujua ni mtoto wa viwanda vya Marekani. Mwaka 1852 mtu mmoja wa Pennsylvania, Francis Wolle, alipata haki ya uvumbuzi kwa mashine ya kutengeneza mifuko ya karatasi. Mifuko ya mashine ya wakati ule ilifanana na bahasha, haikuweza kusimama yenyewe. Aliyeipa kitako bapa ni mwanamke mfanyakazi wa kiwanda, Margaret Knight. Mwanamume mmoja aliona mashine yake ikiwa bado inajengwa, akajaribu kuiandikisha kwa jina lake. Knight alimshitaki, akaleta michoro yake, akashinda, na mwaka 1871 akapewa haki yake. Wadada wa asosiasyo, hiyo ikumbukeni.

Lakini mashine bila karatasi ya bei ndogo si kitu. Zamani karatasi nyingi ya Ulaya ilitengenezwa na vitambaa vilivyochakaa. Vitambaa vilipoanza kuwa haba, karne ya 19, viwanda viligeukia mti. Mwaka 1879 Mjerumani Carl Dahl alipata njia ya kupika vipande vya mti ndani ya dawa kali zenye salfa, mpaka nyuzi zikaachana na ile gundi ya asili inayozishika, lignini. Karatasi iliyotoka ilikuwa ngumu kupasuka, ikaitwa kraft, maana yake kwa Kijerumani ni nguvu. Ni ileile ya mfuko wa simenti. Wengi wetu tulifunikia kaye zetu za shule ya msingi kwa karatasi hiyo, tukiipanguza vumbi kwanza.

Sasa sikilizeni hesabu ya kupika mti. Ukipika kwa njia ya kraft, karibu nusu tu ya uzito wa mti mkavu inakuwa karatasi. Nusu nyingine inayeyuka ndani ya maji meusi. Viwanda vilivyo na vifaa vizuri vinayachoma maji hayo ili vipate moto wao na kurudisha dawa zao, na hilo ni jambo la akili. Visivyo na vifaa, au vyenye vifaa vilivyochoka, vinaachilia sehemu yake mtoni. Tena ile salfa inatoa harufu ya mayai yaliyooza, ambayo mtu anaisikia kilometa nyingi kabla hajafika.

Mito iliyolipa

Mfano wa karibu nasi ni Webuye, magharibi ya Kenya. Mji huo zamani uliitwa Broderick Falls. Kiwanda cha Pan African Paper Mills kilijengwa pale, kikaanza kazi miaka ya 1970, karibu na mto Nzoia ambao unamwaga maji yake katika ziwa Victoria. Kilileta kazi, nyumba na soko. Wakulima walipanda miti wakijua kuna mnunuzi. Lakini wakazi walilalamika miaka na miaka juu ya harufu, juu ya maji ya mto, na juu ya mabati ya nyumba zao yaliyokuwa yanaliwa na kutu upesi. Mwaka 2009 kiwanda kilifunga, na mji ukakaa kama mtu aliyefiwa. Watu waliolalamikia moshi walilia tena moshi ulipokosekana, juu mshahara ulikuwa ndani ya moshi uleule. Baadaye kilinunuliwa na wawekezaji wengine.

Mfano wa pili ni wa mbali lakini unatisha. Huko Dryden, mkoa wa Ontario nchini Kanada, kiwanda cha karatasi kilihitaji klorini ya kuipausha karatasi iwe nyeupe. Klorini hiyo ilitengenezwa kwa njia iliyotumia zebaki. Kati ya 1962 na 1970 kama tani 9 za zebaki zilimwagwa katika mto wa Wabigoon. Zebaki iliingia kwa samaki, na samaki wakaingia kwa watu wa asili wa Grassy Narrows na Wabaseemoong walioishi kwa uvuvi. Uvuvi wa biashara ulifungwa mwaka 1970, kazi ikapotea kwa siku moja. Mpaka kizazi cha leo kuna watu wenye mikono inayotetemeka na macho yasiyoona pembeni. Yote hayo yalianzia kwenye hamu ya karatasi nyeupe.

Viwanda vimebadilika tangu wakati ule. Zebaki imeachwa kwa sehemu kubwa, na baada ya watu kugundua dioksini katika maji ya viwanda miaka ya 1980, wengi waliacha klorini tupu. Lakini mabadiliko hayo hayakuja yenyewe. Yalikuja juu watu waliumia, wakapiga kelele, wakapeleka kesi.

Plastiki ilipokuja kama mwokozi

Hapa njo pale nilipocheka peke yangu usiku. Mfuko wa plastiki wenye mikono miwili, huu tunaoulaani kila siku, ulibuniwa Uswidi na mhandisi Sten Gustaf Thulin wa kampuni ya Celloplast. Haki yake ya Marekani ilitoka mwaka 1965. Mtoto wake alisimulia baadaye kwamba baba yake alikuwa na wasiwasi juu ya miti inayokatwa kwa ajili ya mifuko ya karatasi. Alitaka mfuko mwepesi na imara, utakaotumika tena na tena. Yeye mwenyewe alikuwa anatembea na mmoja umekunjwa mfukoni.

Mnaona? Plastiki ilikuja kutuokoa na karatasi. Leo karatasi inarudi kutuokoa na plastiki. Wale waliouza mfuko wa Thulin waliondoa nusu ya wazo lake: walichukua wepesi na bei ndogo, wakaacha "tena na tena". Kitu ambacho mtu angekitumia mara mia kiligawiwa bure, kikatupwa baada ya robo saa.

Halafu zikaja sheria. Bangladesh ilipiga marufuku sashe nyembamba mwaka 2002, baada ya mifereji kuziba wakati wa mafuriko. Rwanda ilipitisha sheria yake mwaka 2008, na yeyote kati yetu aliyevuka Ruzizi ya kwanza kwenda Kamembe anajua namna wanavyomwagisha vitu vyako ili wachukue sashe. Kenya ilianza tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Na siye? Siye pia tuna dekreti, ya Desemba 2017, inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe na mifuko ya plastiki. Iko kwenye karatasi. Ku soko, kila mmoja wetu anajionea.

Hesabu inayokataa kushabikia

Mwaka 2011 idara ya mazingira ya Uingereza ilitoa uchunguzi uliofuata mifuko ya aina mbalimbali toka kuzaliwa mpaka kufa: mti au mafuta, umeme, usafiri, jalala. Kwa upande wa kuongeza joto la dunia, mfuko wa karatasi ungepaswa kutumika mara 3 ili ulingane na ule mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja. Mfuko wa pamba, ule tunaouona wa kisasa, mara 131. Sababu si uchawi. Karatasi ina uzito zaidi, inahitaji maji mengi na moto mwingi kuikausha, na kamiyo moja inabeba mifuko michache zaidi.

Sasa nani kati yetu ameshatumia mfuko wa karatasi mara tatu ku Kadutu wakati wa mvua?

Lakini tusikimbilie kusema "basi sashe ni nzuri". Hesabu ya Uingereza haikupimwa na bwawa la Ruzizi. Kule takataka zinakusanywa, hapa zinateremka na mvua mpaka ziwani. Karatasi ikifika ziwani inaoza, sashe inabaki miaka na miaka, inakuwa vipande vidogo ndani ya maji wanamoishi sambaza tunazokula. Mfuko mmoja una makosa zaidi pale unapozaliwa, mwingine una makosa zaidi pale unapokufa. Hapa Kivu hatutengenezi hizo karatasi. Kilio cha kuzaliwa kwake kiko mtoni kwa watu wengine, siye hatukisikii. Njo maana karatasi inaonekana safi machoni petu.

Na karatasi kwenye udongo?

Watu wengi wanasema: karatasi ni mti, itupe tu shambani, itakuwa mbolea. Hapa niongee kama agronomu. Karatasi ina kaboni mingi sana na azoti karibu hakuna. Lundo la mboji linataka kama sehemu 25 mpaka 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya azoti. Karatasi inapita hapo kwa mbali, inafika mamia. Ukiifukia peke yake chini ya mahindi, vijidudu vya udongo vinavyoila vitatafuta azoti, vitaichukua ileile ya mahindi yako, na majani yatageuka njano. Nimeliona kwa macho yangu kwenye kiwanja cha nyuma ya nyumba, nilipofukia mifuko yetu iliyoharibika kwa hasira.

Ukiichanachana, ukailowesha, ukaichanganya na kinyesi cha kuku, maganda ya ndizi na majani mabichi, hapo inakuwa mboji nzuri. Lakini iwe ya kahawia, isiyo na ngozi ya plastiki ndani wala rangi nyingi. Na ikitupwa kwenye jalala refu, chini kabisa ambako hewa haifiki, inatoa metani, gesi inayopasha dunia kuliko kaboni dioksidi kwa mbali. Kuoza kuna namna zake.

Neno moja pia kwa wanaokula karanga na mikate kwenye kurasa za kaye na magazeti ya zamani. Kutumia tena ni jambo jema, lakini wino haukutengenezwa kuliwa, hasa pale mafuta ya moto yanapoufyonza. India iliwaonya watu wake mwaka 2016 waache kufungia chakula kwenye magazeti. Tukitaka kutumia kaye iliyoandikwa, tutangulize jani la mgomba ndani. Mama wengine sokoni wanafanya hivyo, na hawakusoma lisansi.

Tulichofanya

Hatukuvunja kikundi. Tulikaa tena watano, tukakubali kwamba kosa halikuwa karatasi wala mvua. Tulichagua mfuko kwa kuangalia rangi yake. Hatukuuliza unga wetu unataka nini: ukavu, na kufungika vizuri.

Sasa masoso inakaa kwenye ndoo ngumu zenye kifuniko kwa mama watatu. Mteja anakuja na kopo au bakuli lake, anapimiwa. Asiye na chombo anaazimwa kopo kwa kuacha franka kidogo, akirudisha anarudishiwa. Ndiyo, ndoo ni ya plastiki. Lakini tunaiosha, tunaikausha, na bado ni ileile tuliyonunua mwanzo. Mwezi wa kwanza wateja walilalamika. Wengine walienda kununua kwa jirani anayetoa sashe, na bado wako wanaoenda. Pesa zote hazijarudi. Nauli ya yule dada tulianza kuirudisha kwanza, ilibaki dola 20.

Mifuko ya karatasi iliyobaki hatukuichoma. Tunaitilia mbegu za maharagwe tunazogawa kwa wakulima kiangazi, juu mbegu inapenda mfuko unaopumua, na karatasi inaandikika: aina, tarehe, shamba. Mkulima anairudisha msimu unaofuata. Kwa kazi hiyo karatasi inatushinda wote kwa uzuri, na jani lile la kijani lililochapwa mbele limeanza kusema ukweli.

Ninaandika haya juu wengi wenu mko mnaandika projeti. Najua neno "mazingira" linafungua milango ya wafadhili, na karatasi ya kahawia inapendeza kwenye picha. Kabla hamjaagiza, ulizeni haya manne. Mti umetoka wapi, na mto gani ulipokea maji yake? Kitu kinachoingia ndani kinataka nini? Kitatumika mara ngapi, kweli, na mtu wa kweli, siku ya mvua? Na kikifa, kitaenda wapi katika mji huu wetu, si katika mji wa kwenye kitabu? Mkiwa na majibu hata kama ni mabaya, mtakuwa mmetutangulia siye watano.

Mwenye kujua namna nzuri ya kufungia unga wakati wa mvua bila sashe, anifundishe. Bado natafuta.